Namba ya pili ubavuni

Ukitaka tairi la bodaboda hapa Mtwara mjini, huna haja ya kuumiza kichwa. Duka lolote la vipuri, liwe Magomeni au Chikongola, limening'iniza 3.00-17 na 3.00-18 juu ya mlango, na fundi pancha wa jirani atakufungia kabla hujamaliza soda. Tairi la nyuma la pikipiki ya spoti ni habari nyingine. Mimi sijawahi kulikuta dukani hapa likisubiri mteja. Unaagiza Dar es Salaam, linapakiwa kwenye buti la basi, linateremka nalo kilomita mia tano na ushee, na likifika ukakuta silo, gharama ya kulirudisha ni yako. Kwa hiyo huwa nashangaa mtu anayetuma pesa kabla hajasoma namba zote zilizoandikwa ubavuni mwa lile kuukuu.

Wengi wanasoma namba ya kwanza tu, ile ya upana. "Kaka, nikiweka 190 itaingia?" Swali hilo nimeulizwa na vijana wenye mashine za cc 600 hadi nimechoka kulijibu, maana jibu la kweli halimfurahishi muulizaji: mara nyingi itaingia, na pikipiki yako itakuwa nzito zaidi mikononi. Anachotaka yeye ni lile tairi pana linaloonekana kwa nyuma akiwa ameegesha pale ufukweni Shangani jioni. Simlaumu, lina mvuto. Ila ukishapanda, hulioni tena. Kinachobaki ni jinsi pikipiki inavyolala, inavyonyooka na inavyovuka tuta, na hayo yanaamuliwa zaidi na namba ya pili, ile ya kimo, ikishirikiana na upana wa ringi.

Chukua 180/55 ZR17, saizi inayotoka kiwandani kwenye Yamaha R6, Honda CBR600RR na Suzuki GSX-R600. Hiyo 180 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, na asilimia 55 ya 180 ni milimita 99. R inasema nyuzi za ndani zimepangwa kiradiali, yaani zinakatiza tairi kutoka ukingo hadi ukingo, Z inasema tairi limejengwa kwa mwendo unaozidi kilomita 240 kwa saa, na 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Sasa piga hesabu hiyo hiyo kwa 190/50. Nusu ya 190 ni 95. Yaani tairi pana zaidi limekuwa fupi kwa milimita nne kila upande, na gurudumu zima limeshuka kutoka kipenyo cha kama milimita 630 hadi 622. Ukichukua 190/55, ubavu unapanda hadi milimita 104.5 na gurudumu zima linafika 641. Upana ule ule wa 190, magurudumu mawili tofauti kabisa.

Tairi la bodaboda halina namba ya pili kwa sababu kwenye saizi zile za zamani za inchi kimo kinakaribiana na upana. Ndiyo maana mgongo wake ni wa duara. Kuna lingine linalowashangaza watu: Yamaha R3, ile ndogo, ina 140/70 nyuma. Asilimia 70 ya 140 ni 98. Ubavu wake umepitwa na ule wa R6 kwa milimita moja tu! Anayeliona tairi la R3 kuwa dogo anadanganywa na wembamba.

Kabla hujafika kwenye tairi, soma ringi. Futa vumbi na mafuta ya cheni kwenye mkono mmojawapo wa ringi ya nyuma, utakuta maandishi yaliyochorwa ndani ya chuma, mfano MT5.50. Hizo ni inchi tano na nusu, upana kati ya kingo mbili ambazo tairi linakalia. Pikipiki nyingi za spoti za cc 600 zina 5.50, na za cc 1000 zina 6.00. Tairi la 180/55 hupimwa kiwandani likiwa kwenye ringi ya 5.50. Lile la 190 hupimwa kwenye 6.00, ingawa linaruhusiwa kukaa kwenye 5.50. Kuruhusiwa huko ndiko wauzaji wanakokushikilia.

Ukishika mkeka kingo mbili ukazisogeza karibu, katikati unatuna. Tairi la 190 kwenye ringi ya 5.50 linafanya hivyo hivyo. Mabega yanavutwa ndani, mgongo unachongoka, na upana uliolipia haufiki 190 kamili. Pembezoni, pale ambapo tairi lingekanyaga ukiwa umelala sana, mpira umekunjika kuelekea ringi na huenda usiguse lami maisha yake yote. Ducati za miaka ya 1990 zinaonyesha jambo hili vizuri. 748 na 916 zilikuwa ndugu wa tumbo moja, ringi ya nyuma 5.50 zote mbili, lakini 748 ilitoka na 180/55 na 916 ikapewa 190/50. Wenye 916 wengi waliishia kufunga 180/55, na sababu waliyoitoa ilikuwa moja: inaingia kwenye kona kwa urahisi.

Sababu ya urahisi huo si uchawi. Pikipiki ikilala, sehemu inayokanyaga lami haibaki katikati ya tairi, inahamia upande wa kona. Tairi likiwa pana, inahamia mbali zaidi, na pikipiki inalazimika kulala zaidi kidogo ili kupinda kona ile ile kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo upana peke yake ni deni. Unaulipa kwa mikono kila unapoibadilisha pikipiki upande.

Mtu ataniuliza, mbona za mashindano zina matairi mapana? Kwa sababu zina nguvu nyingi, na dereva anafungua mafuta akiwa bado amelala. Anahitaji mpira mwingi chini wakati ule, na mpira huo hupatikana kwa kulirefusha tairi, ili mgongo uwe mviringo unaoshuka hadi chini kabisa mabegani. Fuatilia historia: Yamaha R1 ya 1998 ilitoka na 190/50, na ile ya 2009 ikatoka na 190/55. BMW S1000RR ilipoingia sokoni ilikuwa na 190/55. Ducati Panigale V4 ya 2018 ina 200/60. Pirelli, wanaotengeneza matairi ya mbio za dunia za Superbike, wamefika 200/65. Namba ya kwanza imesogea kutoka 190 hadi 200, basi. Namba ya pili imepanda kutoka 50 hadi 65. Mafundi wa kiwandani wametuonyesha walikokuwa wanatafuta utulivu na mshiko, sisi huku tunaendelea kupima tairi kwa macho ya mtu aliyesimama nyuma.

Kimo kina athari nyingine ambayo haionekani hata kidogo. Ukiongeza milimita tano na nusu nyuma, yaani ukitoka 180/55 kwenda 190/55, mkia wa pikipiki unapanda kwa kiasi hicho na pua inainama. Kwenye pikipiki yenye urefu wa kama mita 1.38 kutoka ekseli hadi ekseli, hiyo ni karibu robo ya digrii. Robo ya digrii ni nini? R6 uma wake wa mbele, zile shokapu mbili zinazoshika gurudumu, umelala kwa digrii 24 tu, na watengenezaji wanabishania nusu digrii. Ukipandisha nyuma, uma unasimama zaidi, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inageuka haraka. Ukishusha, kama vile kwa kuweka 190/50 kwenye mashine ya 180/55, unapata kinyume chake: inakuwa nzito kuingia na inataka kutoka nje ya kona. Kijana wa 190/50 kwenye cc 600 anapigwa mara mbili, kwa upana na kwa ufupi, halafu anamlaumu fundi wa shokapu.

Sasa barabara zetu. Ukitoka mjini, kona za kufurahia unazikuta mapema, pale barabara inapozunguka ghuba ya Mikindani, bahari upande mmoja na mawe ya majumba ya kale upande wa pili. Ni chache, na katikati yake kuna watu, baiskeli na mbuzi. Baada ya hapo ni kunyoosha. Ukifika Mingoyo, ukikata kulia unakwenda Lindi, ukifuata njia nyingine unaelekea Mtama, Nyangao, Ndanda hadi Masasi, na sehemu kubwa ya safari hiyo tairi limesimama wima. Wanaotafuta kona za kweli wanapanda uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ambako ardhi inashuka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Lakini hata wao, kufika huko na kurudi, wametumia katikati ya tairi zaidi kuliko pembeni.

Matokeo yake unayajua hata kama hujawahi kuyapa jina. Kashata za katikati zinaisha, mabega yako mapya kabisa na vile vinywele vya kiwandani bado vipo. Mgongo unakuwa bapa. Tairi la hivyo, kwenye mstari ulionyooka halina neno. Ukitaka kulaza, linakataa kwanza, linasimama kwenye ule ukingo, kisha linaangukia upande wa pili kwa ghafla. Kwa mvua za Machi na Aprili, lami ikiwa na mchanga uliosombwa, mwangusho huo ni wa kuogopa. Na tambua kwamba tairi lililoisha katikati limekuwa fupi pia. 180/55 bapa inaanza kufanana na 190/50, kwa hiyo usilinganishe tairi jipya na lile lililokwisha ukadhani saizi ndiyo iliyokupa tofauti. Tairi lolote jipya litaifanya pikipiki iwe kijana.

Kwa barabara hizi mimi nachagua tairi la mpira wa aina mbili: mgumu katikati, laini mabegani. Michelin, Bridgestone, Pirelli na Dunlop wote wanayo, kwenye kundi la matairi ya spoti ya safari. Yale ya mashindano yanayouzwa mtumba Dar, yenye mifereji michache na harufu ya uwanja wa mbio, waachie wenye uwanja. Watu hudhani joto la Mtwara litayapasha. Tairi la mbio linapashwa na mzigo, yaani breki kali, kona kali na kufungua mafuta kwa nguvu. Jua la saa nane mchana haliwezi kufanya kazi hiyo. Utakachopata ni katikati kuisha kabla ya msimu wa korosho.

Halafu kuna mashimo. Mei 2024, mafuriko na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar upande wa Somanga, tuliobahatika kupita baadaye tulipita kwenye michepuko ya mawe na kifusi. Pale ndipo milimita za ubavu zinapoacha kuwa hesabu ya karatasi. Ringi ya pikipiki ya spoti ni ya aloi. Ikigonga ukingo wa shimo huku ubavu ukiwa mfupi na upepo ukiwa mdogo, inajikunja, na hapa kwetu sijui fundi wa kuinyoosha nikamwamini kwa kilomita mia na ishirini kwa saa. Tofauti kati ya ubavu wa 95 na ule wa 104.5 si kubwa, lakini ikibidi nichague upande wa kukosea, nitachagua mrefu. Vivyo hivyo kwenye matuta ya vijijini. Yule wa 190/50 ameshusha mkia wa pikipiki milimita nne, na tumbo analifuta kwenye kila tuta.

Hadi hapa utadhani naipinga 190. Sivyo. Jamaa yangu mmoja wa Lindi ana GSX-R1000 ya 2005, ringi ya 6.00, iliyotoka kiwandani na 190/50. Yeye aliniuliza swali zuri: abaki na 50 au apande 55? Nilimwambia apande, tena bila kusita. Ringi inatosha, mabega yanakaa yanavyotakiwa, na mkia unapanda milimita tisa na nusu, ambazo kwa pikipiki nzito ya mbele kama ile ni nafuu. Lakini hatukuagiza kabla ya kupima. Tulizungusha gurudumu taratibu tukitazama nafasi kati ya tairi na madigadi ndogo ya nyuma, kati ya tairi na cheni, na pale mbele ambapo tairi linakaribiana na mkono unaobeba gurudumu. Pale ndipo penye hila, kwa sababu ukifunga cheni mpya gurudumu linasogea mbele, na nafasi uliyoipima ukiwa na cheni iliyovutika inapungua. Tulipima kwa penseli ya fundi seremala: ikipita bila kukwama pande zote, panatosha, maana tairi hutanuka kidogo likiwa kwenye kasi.

Akafunga. Alipokuja Mtwara, jambo la kwanza alilolalamikia halikuwa kona wala mwendo. Stendi ya pembeni! Mkia ukipanda, stendi inabaki na urefu wake, na pikipiki inaegemea zaidi. Kwenye lami ya saa saba mchana, au kwenye mchanga wa uani kwake, stendi inazama, na sasa anatembea na kipande cha ubao mfukoni cha kuweka chini yake. Hilo huliona mtu aliyekwisha kufunga, haliandikwi ubavuni. Kuhusu kona za Mikindani, alisema tu kwamba hapigani na pikipiki tena.

Spidomita nayo huguswa. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii mwendo unasomwa kwenye gia, hausomwi kwenye gurudumu la nyuma lenyewe. Ukitoka 190/50 kwenda 190/55, kila mzunguko wa gurudumu unafunika njia ndefu zaidi kwa karibu asilimia tatu, na mshale haujui. Kwa kawaida spidomita za kiwandani hukuonyesha mwendo mkubwa kuliko ulio nao, kwa hiyo mabadiliko haya mara nyingi yanakusogeza karibu na ukweli. Hata hivyo, ukipita kijijini kwenye kibao cha 50 na askari mwenye tochi amekaa chini ya mwembe, angalia kwanza mwendo wa kweli kwa ramani ya simu siku moja, ujue mashine yako inadanganya kiasi gani. Asilimia tatu hizo pia zinazifanya gia kuwa ndefu. Kuongeza jino moja kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 45 kunarudisha karibu asilimia mbili, kama unaona mvuto umepungua. Kwa pikipiki mpya zenye ABS na kompyuta ya kuzuia tairi kuteleza, usibadili kimo kiholela. Kompyuta inalinganisha mizunguko ya gurudumu la mbele na la nyuma, na ukilipa gurudumu moja kimo ambacho haikufundishwa, itaanza kuona mteleko usiokuwepo.

Kwa hiyo ukiwa na ringi ya 5.50 agiza 180/55, usihangaike. Ipo 180/60, lakini hiyo waachie wenye uwanja wa mbio na wenye pikipiki chache zilizotoka nayo kiwandani. Ukiwa na 6.00, 190/55 ikiingia bila kugusa ndiyo ningeichukua. Muuzaji akikwambia 180/55 imekwisha, chukua 190/50 ni ile ile, subiri mzigo mwingine. Mtake pia akupigie picha ya ubavu kabla hujatuma pesa. Tafuta namba nne zilizofungiwa kwenye kiduara karibu na herufi za DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililoning'inia kwenye jua la Kariakoo kwa miaka hukauka hata kama halijawahi kugusa lami. Angalia na uzito na kasi. (73W) ina maana kilo 365 na mwendo wa kilomita 270 au zaidi kwa saa, na 180/55 nyingi zinaandikwa hivyo. 190/55 kwa kawaida ni (75W), kilo 387.

Likifika, usimwachie fundi pancha peke yake, hata akiwa rafiki yako. Tairi hili halina tyubu. Mkwaruzo mmoja wa mtalimbo kwenye ukingo wa ringi unakupa upepo unaovuja polepole mwaka mzima. Mpe vipande vya galoni la plastiki aweke kati ya chuma na ringi, na maji ya sabuni ya kutosha. Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu. Nukta ya rangi, kama ipo, ikae penye vali. Upepo ujazwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba ya kitabu cha pikipiki, ambayo kwa nyingi za spoti ni psi 36 mbele na 42 nyuma. Utasikia wanaosema kwa joto letu upunguze. Wanaosema hivyo wamegeuza mambo: tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi likizunguka, na kule kujikunja ndiko kunakoleta joto.

Kilomita mia za mwanzo ngozi ya tairi bado inateleza, na ni umbali wa Mtwara hadi Lindi, kwa hiyo unaweza kuzimaliza kwa safari moja ya taratibu. Laza kidogo kidogo, bega moja baada ya jingine, na usifunge breki ya nyuma kwa nguvu penye mchanga wa Mikindani.